Chambo cha Manyoya: Somo kwa Mvuvi Anayeanza katika Mito ya Kilimanjaro

Wengi wetu tunapotaja uvuvi huwaza bahari, ziwa, mitumbwi na nyavu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba vijito viteremkavyo kutoka msitu wa Kilimanjaro navyo vina historia ya uvuvi. Katika enzi ya utawala wa Waingereza, baadhi ya mito hiyo ilipandikizwa samaki wa kigeni aitwaye trauti, ili wapenda uvuvi wapate mchezo waliouzoea kwao. Samaki huyo huvuliwa kwa ndoana iliyovikwa nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji namna ya kuanza uvuvi huo kwa vifaa vinavyoweza kupatikana Moshi na vijijini. Lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba somo la kwanza si ufito wala ndoana, bali ni mto wenyewe. Amwigaye mdudu asiyemjua huiga bure.

1. Trauti na maji baridi

Trauti wa kahawia ana asili ya Ulaya. Trauti wa rangi za upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki. Wote wawili hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi, na joto likipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Sababu kubwa ni oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji safi yenye nyuzi 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Maji hayo yakifika nyuzi 25 hubeba miligramu 8 tu.

Tupandapo mlima, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana trauti hatafutwi katika tambarare zilizo chini ya mji wa Moshi, ambako perege na kambale huvumilia joto, bali katika vijito vya juu, karibu na msitu, ambako maji hupita kivulini na kuporomoka juu ya mawe.

2. Kuusoma mto

Kabla ya kufunga chambo chochote, inua jiwe lililo ndani ya maji yaendayo kasi, ulipindue, kisha utazame upande wa chini. Katika mto ulio safi yamkini utaona viumbe wa makundi haya:

(a) Efemeroptera. Tunutu wake ni mwembamba, mara nyingi mwenye mikia mitatu, na ana mashavu ya kupumulia kandokando ya tumbo. Akikomaa hupanda juu ya maji, huota mabawa, hupandana na kufa baada ya muda mfupi.

(b) Plekoptera. Huyu ana mikia miwili, na hupenda maji yenye oksijeni nyingi.

(c) Trikoptera. Buu wa baadhi ya jamaa zake hujijengea nyumba ya mchanga au vijiti kwa uzi autoao kinywani.

Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji. Kwa hiyo anayeanza atengeneze kwanza mfano wa tunutu, si wa mdudu arukaye.

3. Kutengeneza chambo

Ufundi huu ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Aelian, aliyeishi katika karne ya 2 na ya 3, aliandika juu ya wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Jogoo yupo katika kila boma; vitu vingine ni ndoana ndogo, uzi wa kushonea, nta ya nyuki, sufu ya kahawia na waya mwembamba wa shaba uliotolewa katika mota iliyoungua.

Hatua ni hizi:

(a) Bana ndoana kwenye jiliwa dogo au koleo iliyofungwa kwa mpira. Bonyeza kabisa kijino cha ndoana, ili samaki mdogo aachiliwe bila kujeruhiwa sana.

(b) Paka uzi nta, uuzungushe kwenye shina la ndoana toka jichoni hadi penye mpindo.

(c) Funga nyuzi tatu za unyoya ziwe mikia, kisha funga ncha ya waya mahali hapohapo.

(d) Sokota sufu kidogo kwenye uzi, uuzungushe kuelekea jichoni. Mwili uwe mwembamba nyuma na mnene kifuani.

(e) Zungusha waya juu ya sufu kwa kuacha nafasi. Waya utaonyesha pingili za tumbo na kukipa chambo uzito wa kuzama.

(f) Zungusha unyoya laini wa kuku jike mara mbili, uwe miguu. Maliza kwa fundo na tone la vanishi.

Ukitaka chambo kinachoelea, acha waya, na badala ya unyoya laini tumia unyoya mkavu wa shingo ya jogoo. Nyuzi zake ngumu husimama juu ya uso wa maji bila kuupasua, kama wafanyavyo wadudu wenyewe.

4. Ufito na mshipi

Mshipi wa kawaida hutupwa kwa uzito wa chubwi. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kutosha. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio uchukuao nguvu ya mkono. Vifaa vya dukani hutumia mshipi mzito na gurudumu la kuukunjia. Anayeanza hahitaji gharama hiyo. Wavuvi wa milima ya Japani wana desturi iitwayo tenkara, ambayo hutumia ufito mrefu na mshipi uliofungwa nchani, bila gurudumu.

Chagua mwanzi mkavu, mwepesi, wa mita 3 hivi. Sokota nyuzi za nailoni kwa mafungu: nyuzi sita, kisha nne, kisha mbili, hata upate mshipi wa mita 3 unaopungua unene. Mwishoni ongeza mita moja ya nailoni moja nyembamba, ambayo samaki haioni kwa urahisi.

Inua ufito nyuma kwa haraka, usimame kidogo mpaka mshipi unyooke, kisha uusukume mbele na kuusimamisha ghafla. Jizoeze kwanza majanini, ukiweka kipande cha sufu mahali pa ndoana.

5. Jicho la samaki

Nuru hupinda iingiapo majini. Kwa sababu hiyo samaki huona ulimwengu wote wa juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake. Akiwa kina cha sentimeta 50, duara hilo lina upana wa mita 1.1 hivi. Mtu aliyesimama wima ukingoni huonekana ndani yake. Aliyeinama huweza kufichika. Tena samaki huelekea mkondo unakotoka. Basi mfikie kutoka chini ya mto, umeinama, bila kuvaa nguo za rangi kali.

6. Sheria na usalama

Msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Usiingie humo kuvua bila idhini. Uvuvi nchini huongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, hivyo mwone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri. Usihamishe samaki hai toka mto hadi mto, maana trauti ni mlaji mkali, naye huweza kuwamaliza viumbe wa asili. Mvua ikinyesha msituni, toka mtoni hata kama ulipo kuna jua, kwa kuwa maji hujaa ghafla.

7. Hitimisho

Watu wengi hudhani mito hii huishi kwa barafu ya Kibo. Kwa kweli sehemu kubwa mno ya maji yake hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa misitu. Msitu ukifyekwa, kivuli hutoweka na maji hupata joto. Mifongo ikichota maji yote wakati wa kiangazi, kinachobaki hakitoshi kiumbe. Bomba la dawa ya kahawa likioshwa mtoni, wadudu hufa kabla ya samaki; na maji machafu ya kuoshea kahawa hula oksijeni. Mto huo ndio tunaokunywa sisi wenyewe.

Kwa hiyo wadudu wale ni mashahidi. Wataalamu wameandaa mfumo uitwao TARISS, ambao huupa mto wa Tanzania alama kulingana na jamaa za wadudu na viumbe wengine wadogo waliopatikana humo.

Zoezi: Chagua mahali pawili katika mto mmoja, pa juu karibu na msitu na pa chini baada ya makazi. Pindua mawe kumi kila mahali, andika makundi uliyoyaona, kisha uwarudishe viumbe majini na mawe mahali pake. Rudia baada ya masika na wakati wa kiangazi. Ikiwa pa chini hukumwona mdudu ambaye chambo chako kimemwiga, usibadilishe chambo kwanza. Uliza kilichoupata mto.