Kuitoa riwaya ya picha kitabuni bila kuiua

Tuseme mkononi una riwaya ya picha ya watu wazima. Kisa kinaanzia kijijini Shinyanga na kuishia kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu, Geita. Mauaji yamo, zebaki imo, mganga yumo. Unataka kuifanya filamu ambayo aliyekisoma kitabu ataitambua. Basi kabla hujagusa kamera, chukua kalamu nyekundu, upite ukurasa kwa ukurasa ukiandika yale ambayo hayakuchorwa.

Maana katika kitabu cha namna hii mambo mazito hutokea kwenye ule ukanda mweupe kati ya fremu na fremu. Fremu moja panga limeinuliwa. Inayofuata, mbwa anabweka uani na mlango uko wazi. Pigo lenyewe umelipiga wewe msomaji, kichwani mwako. Mwongozaji mwenye haraka atalionyesha pigo hilo kwa ndoo ya damu ya rangi, kisha ajisifu kwamba amefuata kitabu kwa sababu panga ni lilelile. Mimi ningebaki na mbwa.

Zack Snyder alipoigeuza riwaya ya picha ya Watchmen kuwa filamu mwaka 2009 aliifuata michoro ya Dave Gibbons kwa ukaribu wa ajabu, hadi mikao ya wahusika. Wapo wanaoipenda. Kwangu, kipigo ambacho kitabuni kinatia kichefuchefu, kwenye filamu kimepunguzwa mwendo na kung'arishwa mpaka mtu anakifurahia. Marjane Satrapi, aliyeandika na kuchora Persepolis, alichukua njia nyingine: filamu yake ya 2007 aliiongoza yeye mwenyewe pamoja na Vincent Paronnaud, akaiacha michoro ibaki michoro, sehemu kubwa nyeusi na nyeupe. Ukimpata mchoraji wako akakubali kuja seti, mpe kiti karibu na chako.

Sasa twende nyumbani. Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Wekundu huo mara nyingi ni wa moshi: kuni zimeadimika, mtu amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka nenda rudi. Mchoraji anaweza kuuacha ukurasa mzima mweusi na mweupe, akatia rangi machoni mwa bibi tu. Fremu moja, imetosha. Ukiiga fremu hiyo kwa lenzi nyekundu za kubandika umetengeneza jini, na mtazamaji atajikuta upande wa wauaji.

Fanya hivi. Kabla hatujamwona uso, tupeleke jikoni kwake. Kinyesi kikavu kinaingia mafigani, moshi unajaa hadi kwenye nyasi za paa, anakohoa, anasonga ugali kwa mkono mmoja na kujifuta machozi kwa ncha ya khanga kwa mkono mwingine. Dakika nzima, bila muziki. Ndipo ageuke atutazame. Msomaji wa kitabu aliweza kurudi nyuma kurasa tatu akatafute sababu ya yale macho. Mtazamaji hana pa kurudi, kwa hiyo sababu itangulie.

Kipimo hichohicho kitumie kwa muda. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walinaswa chini ya ardhi siku 41, na watano wakatolewa hai. Walikuwa wamekula hadi mende na vyura. Kitabuni siku 41 zinaweza kuwa ukurasa mmoja mweusi. Kwenye filamu usiogope skrini kuwa nyeusi. Tochi ya kichwani iwe ndiyo taa yako pekee, na betri ikiisha, picha nayo ife. Tubaki na pumzi, tone la maji, mtu anayeita jina la mwenzake. Maneno ya kwenye viputo yapunguze nusu, kwani jicho husoma upesi kuliko mdomo unavyosema.

Waigizaji usiwashushe kwenye duara linalofanya kazi, hata mwenye duara akikubali kwa bashasha. Chimba la kwako, mita mbili zinatosha, lishindilie matimba na magunia, kina kilichobaki kitaletwa na sauti. Karasha la kusagia mawe lirekodi peke yake, siku nyingine. Likinguruma wakati wa mazungumzo hutaambulia neno.

Lugha nayo usiihamishie Sinza, Dar es Salaam. Mzee akiingia asubuhi asalimie kwa Kisukuma, "Mwangaluka", wala usimtafsirie. Mgao wa mifuko ya mawe usielezwe na mhusika yeyote: ihesabiwe mbele yetu, huu wa mwenye leseni, huu wa mwenye duara, na kamera ibaki kwa kijana aliyeshuka chini akisubiri wa kwake.

Kukata utakata tu. Amil Shivji alipoileta Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwenye skrini mwaka 2021, aliyashika mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za kupinga ukoloni, mengi mengine akayaacha kitabuni. Kata matukio, lakini usiwakate watu ukawabakiza nusu. Mhusika mmoja aliyekamilika anashinda watano wa kupita.

Makaratasi watu huyaacha mwisho, na ndipo filamu nyingi hufia. Haki ya kukigeuza kitabu kuwa filamu ni ya wenye kitabu, na riwaya ya picha mara nyingi ina wawili: aliyeandika na aliyechora. Saini ya mmoja haitoshi. Kibali cha Bodi ya Filamu kitafute kabla ya kushuti, na mswada upeleke ulivyo, pamoja na yale mazito. Bora ubishane nao mezani kuliko filamu ikishaiva. Filamu ikipangiwa daraja la watu wazima, lipokee bila kinyongo, maana kitabu nacho hakikuandikiwa watoto. Na tafadhali, mchoraji alipwe kabla ya mpiga muziki.