Kuchimba Mambo ya Kale Huko Ishango

Maji ya ziwa letu hapa Kasenyi, yaani Ziwa George, hupita katika Mfereji wa Kazinga yakaingia Ziwa Edward, kisha hutokea upande wa Kongo kwa Mto Semliki. Hapo yanapotokea ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba hapo akavumbua makao ya wavuvi wa kale yaliyofunikwa na udongo na majivu ya volkeno.

Nataka wenzangu waelewe namna alivyochimba. Hakufukua ovyo kama mtafuta hazina, bali tabaka kwa tabaka, maana lililo chini ndilo la zamani zaidi. Ndivyo alivyotambua kwamba vyusa vya mfupa vya chini vina meno pande mbili, na vya juu vina meno upande mmoja tu. Kama vingalichanganywa kapuni, nani angalijua vipi vilitangulia?

Alipata pia mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye mikato iliyopangwa safu tatu. Jumla ya kila safu ni 60, 60 na 48. Wengine husema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, shauri halijakatika. Umri wake hukadiriwa miaka 20,000 hivi. Umehifadhiwa Brussels.

Basi, ndugu msomaji, ukiona kigae au mfupa wa kale kando ya ziwa, usikiondoe. Kiache palepale, ukamwite mwalimu. Kitu kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake.