Joto la Kifuani: Mtoto Njiti Anaporudi Nyumbani Kericho na Bomet

Baridi na mvua ya karibu kila alasiri ndizo zilizoipa Kericho na Bomet utajiri wa majani chai. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Mtu mzima huvaa sweta, akanywa chai ya maziwa, mambo yakaisha. Mtoto wa kilo 1.8 aliyetoka hospitali jana hana kinga hiyo. Mafuta ya chini ya ngozi bado ni haba, hawezi kutetemeka ili apate joto, na nguvu anazopigania baridi ni zile zile ambazo zingemwongezea uzito. Chumba cha mtoto kama huyo hushauriwa kiwe na nyuzi 25 hivi. Nyumba ya mabati kule Litein, au chumba cha mfanyakazi ndani ya shamba la chai, usiku haifiki hapo hata madirisha yakifungwa yote.

Joto litoke wapi, basi? Kifuani.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa njiti. Akiruhusiwa kutoka nasari ya hospitali, iwe ni Tenwek, Longisa au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, huwa ameanza kunyonya na uzito unapanda, lakini kazi haijaisha: imehamia nyumbani tu. Njia ya kumbeba kifuani, inayoitwa kangaruu, ilianzishwa mwaka 1978 jijini Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey, ambaye wodi yake ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Wapo wanaoiona kuwa njia ya maskini. Hilo si kweli. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko wenzao waliosubirishwa.

Namna ya kumfunga inataka utulivu, hasa siku za kwanza. Mtoto huvuliwa nguo zote, akabaki na nepi, soksi na kofia ya sufu. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande na kidevu kuinuliwa kidogo, kwa sababu shingo ikijikunja, njia ya hewa huziba. Leso hukazwa kumzunguka, ukingo wake wa juu ukikomea chini kidogo ya sikio. Ikazwe kifuani, lakini tumbo liachiwe nafasi ya kupumua. Juu yake huja sweta ya mama na blanketi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza saa 8 hadi 24 kila siku, na kadiri zinavyozidi ndivyo inavyofaa. Mama anaweza kutembea, kuchambua mboga, hata kusinzia akiwa ameegemea mito. Kupika kwenye moto akiwa na mtoto kifuani, hapana.

Huku kwenye chai mgongo una kazi zake: kikapu cha majani, na baadaye mtoto. Kogo, yaani bibi, aliyelea wengi atataka kumbeba mjukuu mgongoni kama alivyowabeba watoto wake mwenyewe. Njiti angoje hadi shingo ikaze. Lakini kogo mwenye afya, asiyekohoa, anaweza kabisa kumbeba kifuani, na baba pia. Kifua cha mwanamume kina joto la kutosha, na mama aliyeamka mara nne usiku anahitaji saa mbili za kulala kuliko anavyohitaji pongezi. Mtoto huendelea hivyo hadi afike karibu kilo 2.5, au hadi mwenyewe aanze kujinyonganyonga na kurusha miguu akitaka kutoka.

Kujua kama amepoa hakuhitaji kipimajoto. Mguse tumbo, kisha nyayo. Tumbo lina moto na nyayo ni baridi: arudishwe kifuani mara moja. Vyote viwili vikiwa baridi, na akiwekwa kifuani bado hapati joto, ni safari ya hospitali. Kuoga kila siku si lazima. Kupangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, chumbani pasipo na upepo, kunatosha.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: jiko la makaa kuingizwa chumbani na mlango kufungwa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na imewahi kuua familia nzima usingizini. Moshi wa kuni nao huumiza mapafu ambayo hayajakomaa. Jiko libaki jikoni. Mtoto alale ndani ya chandarua pia, kwani baridi ya huku haitoshi kuzuia malaria. Mashamba ya chai ya Kericho yameshashuhudia milipuko yake.

Chakula ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Mursik (maziwa ya mgando), maji ya sukari, na dawa ya tumbo ya dukani vingoje au visije kabisa. Njiti huchoka haraka na pengine husinzia kabla hajashiba, kwa hiyo huamshwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku. Akishindwa kuvuta, mama hukamua na kumnywesha kwa kikombe kidogo safi kilichochemshwa: mtoto amekaa wima, ukingo wa kikombe umegusa mdomo wa chini, naye analamba mwenyewe. Maziwa hayamiminwi. Chupa ni ngumu kusafisha, na kuhara kwa mtoto wa kilo mbili si jambo la kuchezea.

Dalili zifuatazo hazingoji asubuhi: kukataa kunyonya, degedege, kulegea na kutosogea mpaka aguswe, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani, joto la mwili kufika nyuzi 37.5, viganja na nyayo kuwa vya manjano. Pumzi ya njiti husita sekunde chache na kuendelea, na hilo ni la kawaida. Ikisita sekunde 20, au midomo ikiwa ya bluu, asuguliwe mgongo aamke, kisha apelekwe akiwa kifuani. Namba ya mwenye gari au boda boda anayepokea simu saa nane za usiku itafutwe mapema, kabla barabara ya shambani haijageuka tope.

Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 6 ni wiki ya 6, hata mtoto awe mdogo kiasi gani. Kukua ni hesabu nyingine. Aliyezaliwa wiki nane mapema, akifika miezi minne hupimwa kama wa miezi miwili, na jirani anayeuliza mbona hajageuka ajibiwe hivyo. Aliyezaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki 32 akaguliwe macho karibu wiki ya nne, maana mishipa ya jicho huweza kuharibika kimyakimya hadi upofu. Familia iulize hilo kabla ya kuondoka wodini, pamoja na matone ya madini ya chuma.

Halafu kuna kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo na baba wiki mbili, na siku huanza kuhesabiwa hata mtoto akiwa bado nasari. Mama wa njiti anaweza kumaliza sehemu kubwa ya likizo akiwa amekaa kwenye benchi la wodi, na kwa kibarua anayelipwa kwa kilo za majani hali ni mbaya zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Anayerudi kazini aulizie chumba hicho ofisini mwa msimamizi, na abebe chombo safi chenye kifuniko: pasipo friji, maziwa yaliyokamuliwa yanywewe ndani ya muda wa saa nne.