UTANDO WA SELI: MLANGO UNAOCHAGUA

Ndugu msomaji, kuna somo moja la Biolojia ambalo wengi wetu tulilikariri Kidato cha Kwanza, tukaliandika kwenye mtihani neno kwa neno, kisha likatoka kichwani. Somo lenyewe ni utando wa seli. Sasa tuko Kidato cha Tatu, na katika Ekolojia tunaulizwa mkoko waishi vipi ndani ya maji ya chumvi. Jawabu liko kwenye somo lile lile tulilolisahau! Makala haya yanakusudia kulirudia kwa lugha yetu, na kuonyesha kwamba mkoko, ng'onda, achari na dawa ya mtoto anayeharisha ni habari moja.

UTANDO NI NINI?

Kila chenye uhai kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando. Usichanganye utando na ukuta wa seli. Ukuta wa seli uko kwenye mimea lakini haupo kwa wanyama. Ukuta huipa seli umbo na nguvu, lakini hauchagui. Maji na chumvi hupita bila kuulizwa. Utando ndio unaochagua, nao uko kwa mimea na wanyama wote.

Utando ni mwembamba ajabu. Unene wake ni nanomita 7 hadi 10 hivi. Chukua milimita moja uigawe vipande milioni; kipande kimoja ndiyo nanomita. Maana yake, tando laki moja zikipangwa moja juu ya nyingine, hazizidi unene wa milimita moja. Hata hivyo, utando huo ukipasuka seli hufa.

UMEJENGWA VIPI?

Sehemu kubwa ya utando ni aina ya mafuta yaitwayo fosfolipidi. Kila chembe ya fosfolipidi ina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa chapenda maji, mikia yachukia maji. Kwa kuwa ndani ya seli mna maji na nje yake pia kuna maji, chembe hizi hujipanga safu mbili: vichwa vya safu moja vyatazama nje, vya safu ya pili vyatazama ndani, na mikia yote yajificha katikati. Hakuna anayezipanga. Ni tabia ya mafuta na maji tu, kama unavyoona tui la nazi likipikwa sana mafuta yakajitenga.

Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa mafuta ya tando za seli nyekundu za damu, wakaona yatosha kuzifunika seli hizo mara mbili. Ndipo ikajulikana kuwa safu ni mbili. Mwaka 1972, Singer na Nicolson wa Marekani walieleza kwamba utando haukukakamaa, bali ni kama maji ya bandari, na protini zaelea humo kama mashua. Baadhi ya protini zimetoboa utando kutoka nje mpaka ndani. Nyingine zimekaa upande mmoja. Katikati ya mafuta, katika seli za wanyama, mna kolesteroli inayouzuia utando usilainike mno wala kuwa mgumu mno. Na upande wa nje kuna minyororo ya sukari ambayo ni kama kitambulisho cha seli. Makundi ya damu A na B yanatofautishwa na minyororo hiyo hiyo.

KAZI ZAKE: MFANO WA NYUMBA YA AMU

Hebu tuifananishe seli na nyumba ya mawe ya hapa kwetu. Kuta ni nene na mlango ni mmoja, lakini nyumba haikufungwa. Hewa yaingia na kutoka, na mtu huingia kwa idhini.

Kwanza, kuna vitu vinavyopita vyenyewe. Oksijeni na kabonidayoksaidi ni chembe ndogo zisizogombana na mafuta, basi hupenya moja kwa moja, kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache.

Pili, kuna vinavyohitaji mlango. Glukosi, chumvi na vingine vipendavyo maji haviwezi kuivuka ile mikia ya mafuta kwa urahisi. Hivi hupitia kwenye protini maalumu. Hata maji yana milango yake, iliyogunduliwa na Peter Agre wa Marekani mwaka 1992, akatunzwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Kila mlango una wake. Mlango wa maji haupitishi chumvi.

Tatu, kuna vinavyosukumwa kwa nguvu. Mdenmark Jens Skou alieleza mwaka 1957 habari ya pampu ambayo kila mara hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Kazi hiyo hutumia nguvu za ATP, kwa kuwa ni kuvisukuma vitu kule vilikojaa tayari, kama mtu anayepiga kafi dhidi ya mkondo. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kumbe hata ukiwa umelala fofofo, pampu zako zafanya kazi!

Nne, utando hupokea habari. Nyumba ya Amu ina daka. Mgeni hukaa dakani akatoa ujumbe wake, ujumbe ukaingia ndani, mwenyewe asiingie. Ndivyo ifanyavyo insulini. Hufika kwenye utando wa seli ya msuli, hushika protini ya kupokea, na kwa ishara yake milango ya glukosi huletwa mlangoni. Katika aina moja ya ugonjwa wa kisukari insulini yabisha hodi lakini seli haiitikii ipasavyo, basi sukari yabaki kwenye damu.

MAJI HUFUATA MUNYU

Sasa tufike kwenye osmosisi, neno linalotutisha bure. Kanuni yake ni hii: palipo na utando unaopitisha maji lakini unazuia chumvi, maji huenda upande wenye chumvi nyingi. Mimi huikumbuka kwa maneno matatu: maji hufuata munyu. Sukari pia huvuta maji hivyo hivyo.

Ushahidi uko jikoni. Kata vitunguu vya kachumbari, tia chumvi, ngoja kidogo. Vitunguu vyalainika na maji yajaa bakulini. Maji hayo yametoka ndani ya seli za kitunguu kufuata chumvi iliyo nje. Embe la achari likitiwa munyu na kuanikwa hunywea kwa sababu hiyo hiyo.

Samaki wa ng'onda naye? Anapasuliwa, anatiwa chumvi na kuanikwa juani. Chumvi huvuta maji ya nyama. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba bakteria wa kuozesha nao ni seli zenye utando. Wakitua juu ya nyama ile, maji yao huvutwa nje, wakashindwa kuzaana. Wavuvi wetu waliitumia osmosisi kabla ya kuwapo kitabu cha Biolojia.

MKOKO NA MCHU

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya Kenya. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Ukimwagilia mchicha maji hayo, utanyauka, maana maji yatatoka kwenye mizizi kwenda nje. Mbona mkoko haunyauki?

Ndani ya mzizi kuna duara la seli ambazo nafasi zilizo kati yake zimezibwa kwa kitu mfano wa nta. Maji hayana njia ya pembeni; lazima yapite kwenye utando wa seli. Hapo ndipo utando unapochagua: maji ingia, chumvi bakia nje. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, huzuia karibu chumvi yote hapo mizizini.

Lakini, msomaji makini atauliza, kama maji hufuata munyu, si bahari ingeyavuta maji ya mti? Ndiyo, bahari yavuta. Ila majani ya mkoko yanapopoteza maji hewani, huyavuta maji yaliyo kwenye mishipa ya mti kutoka juu, na mvuto huo hushinda ule wa bahari. Kadhalika, seli za majani huweka ndani yake vitu vingi vilivyoyeyuka ili maji yasizitoroke.

Mchu una mbinu ya ziada. Huzuia chumvi nyingi mizizini, na ile inayoponyoka huingia mpaka majanini, ambako kuna vitundu vya kuisukuma nje. Lamba jani la mchu wakati wa kiangazi utahisi munyu ulimini.

Kumbuka kwamba kuchagua huko kwahitaji nguvu, na nguvu zahitaji oksijeni. Ndiyo sababu mchu huchomoza vijizizi juu ya matope kama penseli, ili zipumue. Vikifukiwa na mchanga au kufunikwa na mafuta ya vyombo, hewa yakatika, ATP yapungua, na mzizi washindwa kuzuia chumvi. Mti waweza kufa pasi na shoka kuugusa. Anayetaka kuihifadhi mikoko basi asitazame shoka peke yake.

SAMAKI NA BINADAMU

Changu na tewa huishi baharini ingawa damu yao haina chumvi nyingi kama bahari. Maji yao hutoka kila wakati, basi hunywa maji ya bahari, na seli za mashavu yao husukuma chumvi ya ziada nje. Papa ana njia yake: huweka urea nyingi mwilini mpaka damu yake ikakaribiana na bahari, maji yasimtoke. Urea hiyo, papa akishakufa, hugeuzwa na bakteria kuwa amonia. Ndiyo ile harufu ya ng'onda wa papa!

Binadamu hana pampu za changu wala urea ya papa. Figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama bahari. Anayekunywa lita moja ya maji ya bahari atahitaji zaidi ya lita moja kuitoa chumvi yake, na seli zake zitapokonywa maji. Kwa hiyo mtu aliyepotea baharini, hata akishikwa na kiu vipi, asiyanywe.

CHUMVI NA SUKARI ZINAZOOKOA

Nimeliweka jambo hili mwisho kwa kuwa ndilo lenye uzito zaidi. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu. Kijidudu chake hutoa sumu inayoziamuru seli za utumbo zifungue milango ya chumvi. Chumvi yatoka kumwagika utumboni, na maji hufuata munyu. Mgonjwa aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja.

Ukimpa maji matupu, hayaingii mwilini vya kutosha. Lakini kuna mlango mmoja wa utumbo ambao sumu ile haikuuharibu: mlango unaoingiza sodiamu na glukosi pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Ukitia maji chumvi na sukari kwa kipimo, viwili hivyo huingia pamoja, na maji huvifuata.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwahudumia wakimbizi wenye kipindupindu katika mji wa Bangaon, India, na maji ya sindano yakaanza kumwishia. Akawapa maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Pakiti za dawa hiyo hupatikana zahanati. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, na mpeleke hospitali. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu ya dawa! Ikizidi, itavuta maji ya mgonjwa badala ya kumwongezea. Kanuni ile ile inayookoa yaweza kuua.

TAMATI

Wanafunzi wenzangu, utando wa seli sio mchoro wa kukariri tu. Uhai wasimama juu ya kuchagua kiingiacho na kitokacho, na mchaguzi ni huyo asiyeonekana kwa macho. Ukielewa hivyo, hata swali la mtihani halikubabaishi, na siku mtoto wa jirani akiharisha utajua la kufanya na sababu yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti mbili kati ya ukuta wa seli na utando wa seli.
2. Kwa nini oksijeni hupita utando bila mlango, lakini glukosi huhitaji mlango?
3. Mchu ukifukiwa vijizizi vyake hufa. Eleza ukitaja ATP.
4. Mama ametia vijiko vitatu vya chumvi katika lita moja ya maji ya mgonjwa. Utamwambia nini kwa adabu, na kwa sababu gani?