Gari Mpya ni Kilo Ngapi za Karafuu?

Ndugu Wanachama,

Mavuno yakiwa mema haipiti wiki ofisini petu bila ya mtu kuja na habari ya kununua gari. Si ajabu. Mwenye mikarafuu kule ndani, mbali na barabara, akishachuma hana budi kuziteremsha karafuu mbichi upesi, kwani zikilala zimerundikwa katika magunia hupata moto na kuharibika. Na asiye na gari humngoja mwenye nayo. Kwa hivyo sisemi kuwa gari ni anasa. Nasema ijulikane bei yake, maana ile iliyoandikwa katika karatasi ya dukani siyo yote.

Mwezi uliopita alinijia mwanachama mwenzetu, makamo ya baba yangu, na hati ya bei aliyopewa na duka moja la magari la Dar es Salaam. Gari ya mizigo, mpya, shilingi 68,000,000. Akanambia, "Mwanangu, nisomee hii kabla sijatia saini." Tukakaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na tuliyoyasoma ndiyo somo la leo. Tarakimu nimezigeuza kidogo, hesabu iwe nyepesi na mwenye hati asijulikane.

Neno la kwanza kulitafuta katika hati ni hili: kodi imo au haimo? Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa magari mengi ni asilimia 25, kisha hufuata ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, kisha VAT, nayo hukatwa juu ya bei iliyokwisha kujumlishwa na ushuru. Asiyeuliza aweza kuifurahia bei ambayo si yake. Aulize vilevile gari itasajiliwa wapi, kwani namba za Zanzibar ni mbali na za Bara, na nani atalipa meli ya kuileta Mkoani. Katika hati ya mzee wetu kodi ilikuwamo. Meli na usajili havikuwamo. Tuviweke 1,500,000.

Sasa tufike penye uzito wenyewe. Mzee alikuwa na arbuni ya 20,000,000, na 48,000,000 zilizobaki angekopeshwa kwa miaka minne, "kwa asilimia 12 tu." Hilo neno "tu" ndilo lililomvutia. Nikamwuliza, "Ami, asilimia 12 ya nini?" Hakuambiwa.

Kuna riba inayohesabiwa juu ya salio: kila ukilipa, deni hupungua na riba hupungua nalo. Kwa hesabu hiyo angelipa kama 1,264,000 kila mwezi, na riba yote ingekuwa karibu milioni 12 na laki 7. Na kuna riba inayohesabiwa juu ya deni la siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa umekwisha kulipa robo tatu yake. Hiyo ni 5,760,000 kila mwaka, kwa miaka minne 23,040,000, na malipo ya mwezi ni 1,480,000. Hati yake ilikuwa ya namna hii ya pili. Kwa kweli wake asilimia 12 hiyo ni sawa na asilimia 21 hivi ya ile ya kwanza. Tofauti yapita milioni 10, na jina lake katika karatasi zote mbili ni "asilimia 12."

Wengi wetu hujiepusha na riba, na zipo benki zinazofanya murabaha: benki huinunua gari, kisha hukuuzia kwa bei ya juu iliyo wazi, nawe ukalipa kidogo kidogo. Bei hiyo haizidi baada ya mkataba. Lakini yaweza kuwa kubwa tangu siku ya mkataba, basi hapo nako yapasa kuuliza jumla.

Tulipofika hapa mzee alinyamaza, akaagiza kahawa. Tukaendelea. Arbuni pamoja na malipo yote ya mkopo ni 91,040,000. Mkopeshaji hakubali bima ndogo, hutaka bima kubwa mpaka deni liishe. Tukaiweka 7,500,000 kwa miaka minne. Mafuta, kwa mwendo wa kilomita 15,000 kwa mwaka, lita moja kwa kilomita 10, na lita kwa shilingi 3,000, ni 18,000,000. Sevisi 4,800,000, na mipira seti moja 1,800,000. (Dhamana ya dukani, msisahau, mara nyingi hutaka sevisi ifanywe kwa fundi wao. Fundi akiwa ng'ambo ya bahari, kila sevisi ina nauli ya meli.) Pamoja na ile meli ya kwanza na usajili, jumla ni 124,640,000.

Nikaigeuza kuwa karafuu, kwa kilo moja shilingi 15,000. Bei ya dukani ilikuwa kilo 4,533. Jumla yetu ni kilo 8,309 zilizokauka, nazo zataka kama tani 25 za mbichi. Na hiyo 15,000 si yake yote. Mna ujira wa wachumaji ndani yake, na majamvi, na palizi.

Kwa haki tuseme pia kuwa baada ya miaka minne gari bado ina thamani. Akiiuza 35,000,000, hasara halisi ni 89,640,000, yaani milioni 22 na nusu hivi kwa mwaka. Kukodi gari siku 60 za mavuno, kwa laki moja kwa siku, ni milioni 6. Mwenye kazi ya gari mwaka mzima, hesabu yake ni nyingine.

Lakini lililomtia fikra mzee halikuwa jumla. Lilikuwa neno "kila mwezi." Mkarafuu haulipi kila mwezi, na ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao huenda ukapumzika. Mkopeshaji hapumziki. Hapo ndipo mtu hukodisha mikarafuu yake kabla haijachanua, kwa bei ya mwenye shida, au huweka rehani. Wazee wetu waliyajua haya: mwaka 1934 madeni ya wenye mashamba yalikuwa yamefika hadi serikali ya wakati ule ikasimamisha kwa muda madai ya wadai.

Mzee alikunja hati akaitia mfukoni. Amerudi mara moja tangu siku ile, kuuliza kama duka laweza kupokea malipo kwa msimu badala ya mwezi. Tumeandika barua, majibu bado.

Mwanachama mwenye hati kama hiyo ailete ofisini kabla ya kutia saini. Kalamu na karatasi zipo.

Katibu