Kufunga Siyo Dayati: Tupime Mitindo ya Kupunguza Uzito kwa Jicho la Imani



Vijana wapendwa, leo tunajifunza jambo ambalo watu hulizungumza zaidi saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko kanisani: dayati za kupunguza uzito. Hapa Urambo, kila Kwaresima ikikaribia, swali hurudi kwenye vikao vya vijana: "Mlezi, nikifunga ili pia nipungue, Mungu anaipokea hiyo funga?" Ni swali zuri, kwa hiyo tulijibu kwa utulivu.

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome: Danieli 1:8-16, Isaya 58:3-7, Mathayo 6:16-18, 1 Wakorintho 6:19-20.

1. Kwa nini Mkristo alizungumzie hili?

Kwanza, kwa sababu mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Namba 2288 inasema uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, hivyo tuzitunze kwa busara. Namba inayofuata, 2289, inatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu wa kuabudiwa. Kuupuuza mwili ni kosa, na kuuabudu ni kosa pia.

Pili, tatizo lenyewe lipo kweli. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Uzito uliozidi sana unaongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu, kwa hiyo anayetaka kupungua si lazima awe na majivuno. Lakini utafiti huohuo ulikuta pia kwamba 45 kati ya wanawake 100 walikuwa na upungufu wa damu. Yaani binti anaweza kuonekana mnene, na damu yake ikawa chache. Mshauri huyo aache kula hovyohovyo uone kitakachompata.

Tumeliona hilo kwetu. Binti mmoja wa kikundi chetu, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina, alikunywa maji ya limao na tangawizi asubuhi na mchana, akala kidogo sana usiku, karibu wiki tatu za Kwaresima. Nyumbani alisema "nimefunga", na mama yake akamsifu kwa uchaji. Ijumaa moja kwenye Njia ya Msalaba alianguka kituo cha tisa. Zahanati walimpima damu, ikawa chini. Alichoniambia baadaye ndicho kilichonifanya niandike somo hili: "Mlezi, sikuwa nafunga. Nilikuwa namficha mama."

2. Tupime mitindo yenyewe

Mimi si daktari. Nawaletea yale yaliyothibitishwa vizuri, ili msidanganywe.

*Keto, au kuacha wanga kabisa.* Hapa unaambiwa uache ugali, wali, viazi na mihogo, ule nyama, mayai na mafuta. Mlo huu haukuanza kama mtindo wa urembo. Madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walianza kuutumia mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa, chini ya uangalizi. Ni kweli siku za mwanzo mizani inashuka haraka. Lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji: mwili unahifadhi akiba ya wanga pamoja na maji mengi, na akiba ikiisha maji nayo yanaondoka. Ukirudia ugali, yanarudi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, wengine wakipunguza wanga, wengine wakipunguza mafuta. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa yamepungua karibu sawa. Kwa hiyo ugali si adui. Swali ni kiasi, na unakula na nini.

*Kufunga masaa 16, kula ndani ya masaa 8.* Wengine hii inawasaidia, kwa sababu inawaondolea kula kula usiku. Lakini haina muujiza. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2022, wenye watu 139, ulionyesha kwamba waliobana masaa hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko wale waliopunguza tu kiasi cha chakula. Na haiwafai wajawazito, wanaonyonyesha, wanaotumia dawa za kisukari bila ushauri wa daktari, wala kijana anayeendelea kukua.

*Maji ya limao na juisi za "kutoa sumu".* Limao ni tunda zuri, lina vitamini C. Lakini haliyeyushi mafuta ya tumbo. Kazi ya kusafisha mwili Mungu ameshaigawa kwa maini na figo, na zinaifanya usiku na mchana bila malipo. Ukishinda na juisi tu, unapungua kwa sababu una njaa, na pamoja na mafuta unapoteza misuli.

*Chai na vidonge vya kukata tumbo.* Hapa naomba mnisikilize sana. Chai nyingi za aina hii zina majani ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Vidonge ni hatari zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo, wachunguzi wa nchi mbalimbali wameikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "za asili". Kama bidhaa haijasajiliwa na TMDA, usiiingize mwilini, hata kama muuzaji ni rafiki yako na picha za "kabla na baada" zinavutia.

Sisi watu wa Urambo tuna historia inayotufundisha hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na shida ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Urambo, Kongwa na Nachingwea. Matrekta yakaja, watu wakaja, fedha zikamwagwa, karibu pauni milioni 36. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga hazikuwa na kosa, maana wakulima wetu wamezilima na wanaendelea kuzilima. Kosa lilikuwa haraka: mpango ulipangwa kwa ukubwa kabla ya kupima vizuri udongo na mvua. Dayati nyingi ni hivyohivyo. Zimepangwa mbali, kwa mfuko wa mtu mwingine na jiko la mtu mwingine, halafu zinaletwa kwenye nyumba yenye sufuria moja ya ugali na mlenda.

3. "Lakini Danieli je?"

Wapo wanaoifanya "funga ya Danieli" ili wapungue: mboga na maji tu. Turudi kwenye andiko. Danieli na wenzake watatu walikataa chakula cha mfalme wa Babeli ili wasijitie unajisi. Wakaomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Je, matokeo? Soma aya ya 15 polepole: walionekana na afya na wamenenepa kuliko vijana wote waliokula chakula cha mfalme! Ndugu zangu, anayetumia andiko hili kuuza wembamba hajafika aya ya 15. Danieli hakuwa anapigana na mwili wake. Alikuwa analinda uaminifu wake kwa Mungu.

4. Ulafi una sura zaidi ya moja

Tumezoea kudhani mlafi ni yule anayekula sahani tatu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akifuata mafundisho ya Mtakatifu Gregori Mkuu, anataja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kutaka chakula kiandaliwe kwa uchaguzi na madoido mno. Hiyo ya mwisho ituguse. Ukimlazimisha mama akupikie sufuria yako peke yako, ukisusa maharage ya nyumbani huku wadogo zako hawana hela ya daftari lakini wewe unataka mayai sita na parachichi kila siku, basi chakula bado kinakutawala, hata kama unakonda.

Na upande wa pili, hata watakatifu walihitaji kuongozwa. Mtakatifu Katarina wa Siena, Mwalimu wa Kanisa, alikula kidogo mno kiasi kwamba waungamishi wake walimsihi ale. Alifariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Tunaiga upendo wake kwa Kristo na Kanisa. Kujinyima kwake kula hatujaagizwa kukuiga.

5. Sasa, tofauti ya kufunga na dayati

Kanisa lenyewe ni mama mwenye kiasi. Sheria ya kufunga inawabana waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na siku zenyewe ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mlo mmoja kamili unaruhusiwa, na viwili vidogo. Wagonjwa na wajawazito hawabanwi. Kama Kanisa halikudai ushinde na maji ya limao wiki tatu, nani amekudai?

Nabii Isaya anatupa kipimo kilicho wazi: funga inayompendeza Mungu inamgawia mwenye njaa chakula. Basi jiulize, ule ugali nisiokula umekwenda wapi? Katika funga unakwenda kwa jirani, au thamani yake inaingia kwenye mchango wa Kwaresima. Katika dayati faida inabaki kwangu na kwenye kioo. Si dhambi kutaka afya njema. Ila kuita dayati "funga" ili tusifiwe au tusiulizwe, hapo tunamwambia Mungu na mzazi neno lisilo kweli. Hilo ndilo jibu la swali letu: Mungu anapokea moyo unaomtafuta. Kupungua kukija kama matokeo, sawa. Kukiwa ndiyo nia yenyewe, kuite kwa jina lake.

6. Ukihitaji kupungua kweli

- Anza kituo cha afya: upimwe uzito, urefu, presha, sukari na damu. Huenda huna uzito uliozidi hata kidogo.
- Sahani yako: nusu mboga (mlenda, matembele, kisamvu, nsansa), robo ugali, hasa wa dona, robo maharage, samaki au karanga. Hivi vyote vipo Urambo.
- Punguza soda, sukari kwenye chai, maandazi na mafuta ya kukaangia. Asali yetu ya Tabora ni tamu na nzuri, lakini nayo ni sukari.
- Tembea, lima, cheza mpira, lala vya kutosha.
- Uwe na subira. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayekuahidi kilo 10 kwa siku 7 anatafuta hela yako.
- Ukiona unaogopa chakula, unajitapisha au unaficha kwamba huli, mwambie mtu: mzazi, mhudumu wa afya, padre, mlezi. Hiyo si aibu, ni ugonjwa unaotibika.

Na sisi wengine tuache utani wa "umenenepa wewe!" mlangoni mwa kanisa. Hatujui neno hilo litalala na nani usiku.

Maswali ya kutafakari (VIWAWA na TYCS mnaweza kuyatumia kwenye kikao)

1. Je, nimewahi kuita "funga" kitu kilichokuwa cha urembo?
2. Nikijitazama kwenye kioo, namshukuru Mungu au namlaumu?
3. Wiki hii ni nani mwenye njaa ninayeweza kumgawia sahani yangu?

Sala

Ee Bwana, uliyekaa mezani pamoja na wakosefu na kutuachia Mwili wako kuwa chakula, tufundishe kula kwa shukrani, kufunga kwa ukweli na kuutunza mwili bila kuuabudu. Wanaougua kwa kushiba na wanaougua kwa njaa, uwaponye wote. Amina.

Mungu awabariki. Mfikishie rafiki yako mmoja somo hili, hasa yule ambaye siku hizi anasema kila mara "mimi nimeshakula".