SOMO: MAJI YA CHEMCHEMI NI YA WOTE

Mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inapungua hapa Ntoto, na chemchemi nazo zinapungua. Mstari wa bidoni unakuwa mrefu. Wenye nguvu wanatangulia. Mama mwenye mimba, mjane na mkimbizi wanabaki nyuma. Wakifukuzwa, wanafanya nini? Wanashuka mtoni na kuchota maji machafu.

Sikilizeni vizuri. Mtoto wa mama yule akikunywa maji hayo, anaharisha. Nzi na mikono michafu vinaleta ugonjwa ule mpaka kwenye sahani ya mtoto wako. Kipindupindu hakiulizi nani mwenyeji, nani mgeni. Na sisi wa Ntoto, tangu mauaji ya sokoni mwaka 1993, tunajua kukimbia ni nini. Aliyefukuzwa leo anaweza kuwa wewe kesho.

PIMENI MAJI
Wekeni bidoni ya lita 20 chini ya bomba, mtazame saa. Ikijaa kwa dakika 2, basi saa moja inajaza bidoni 30. Toka asubuhi saa 12 mpaka jioni saa 12 ni bidoni 360, ndiyo lita 7200. Mtu mmoja anahitaji lita 15 kwa siku. Kwa hiyo maji hayo yanatosha watu 480.

GAWANYENI
1. Hesabuni watu, si nyumba. Jamaa ya watu 4 ipate bidoni 3.
2. Wagonjwa, wazee na wenye mimba watangulie.
3. Watu wakizidi, maji ya kunywa na kupika kwanza. Nguo zifuliwe mtoni.
4. Komite iwe na wamama pia, maana ni sisi tunaochota.

TUNZENI
Zungusheni ua, nyama wasiingie. Choo kiwe chini ya chemchemi, si juu yake, na mbali hatua 40 au zaidi. Msikate miti ya juu, wala msipande mikaratusi karibu: inakunywa maji mengi. Nyumbani, osheni bidoni, funikeni, chemsheni maji ya watoto.

MAULIZO
Bidoni inajaa kwa dakika ngapi kwenu? Jana, nani alirudi bila maji? Mwendeeni leo.